Kikosi cha 303 cha Marubani wa Poland, 1940–1946: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kikosi cha 303 ni kikosi gani hasa?

Ni kikosi cha ndege za kivita cha Wapoland, marubani na mafundi, kilichopigana ndani ya RAF, yaani Jeshi la Anga la Uingereza, katika Vita Kuu ya Pili. Kiliundwa tarehe 2 Agosti 1940 kwenye uwanja wa kijeshi wa Northolt, magharibi mwa London. Kiliruhusiwa kuingia vitani tarehe 31 Agosti, wakati Mapigano ya Uingereza, vita vya angani vya 1940 kati ya Ujerumani na RAF, yalikuwa yamepamba moto, na tarehe 11 Oktoba kikapelekwa Leconfield, kaskazini, kupumzika. Katika wiki hizo sita kilidai kutungua ndege 126 za Ujerumani. Hakuna kikosi kingine kilichorusha Hurricane, ndege ya kivita ya Kiingereza, katika mapigano hayo kilichodai nyingi kiasi hicho.

Habari zake husimuliwa zaidi kama habari za hasira: watu walioporwa nchi wakaenda kulipiza kisasi angani. Hasira ilikuwepo, na ilikuwa ya haki. Lakini kilichowapa ushindi kwa kiasi kikubwa zaidi ni ufundi. Walikuwa marubani waliokwisha kukomaa, wenye mamia ya saa za kuruka, na wengi walikuwa wameshapigana huko Poland, na wengine huko Ufaransa pia. Septemba 1940 vikosi vingi vya Kiingereza vilikuwa vinapokea vijana wenye saa chache tu za kurusha Hurricane au Spitfire.

Kikosi kiliitwa pia kwa jina la Kościuszko. Jina hilo na nembo yake vimetoka wapi?

Tadeusz Kościuszko alikuwa mhandisi wa kijeshi aliyepigania uhuru wa Marekani, kisha akaongoza uasi wa Poland wa mwaka 1794 ambapo wakulima waliingia vitani na miundu mirefu ya kukatia nyasi. Katika vita vya Poland na Wasovyeti, Wamarekani waliojitolea, miongoni mwao Merian C. Cooper na Cedric Fauntleroy, walirusha ndege katika kikosi kilichopewa jina lake. Mmoja wao, Elliott Chess, ndiye aliyechora nembo: kofia nyekundu ya pembe nne ya wakulima wa Kraków, miundu miwili iliyopishana, na nyuma yake nyota na mistari ya bendera ya Marekani. Nembo ikarithiwa na eskadra (kikosi cha ndege) ya 111 ya Warszawa, na kutoka huko ikaja Northolt pamoja na watu wenyewe.

Walifikaje Uingereza?

Kwa njia ndefu. Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, na tarehe 17 Wasovyeti wakaingia kutoka mashariki. Wanaanga waliamriwa kuvuka mpaka kwenda Romania. Huko waliwekwa makambini, wakatoroka kwa makundi, wengine kwa hati za bandia, wakapanda meli kwenda Ufaransa, baadhi kwa kupitia Beirut. Ufaransa ilipoanguka Juni 1940 wakahama tena. Mwanzoni Waingereza waliwaandikisha katika jeshi lao la akiba. Mkataba wa tarehe 5 Agosti 1940 ndio uliolitambua jeshi la anga la Poland kuwa jeshi la nchi mshirika.

Nani aliongoza kikosi?

Uongozi ulikuwa wa watu wawili wawili. Upande wa Waingereza alikuwepo Ronald Kellett, na upande wa Wapoland Zdzisław Krasnodębski. Makundi mawili ya kikosi, A na B, yaliongozwa na John Kent, Mkanada aliyewahi kuwa rubani wa majaribio, na Athol Forbes. Kellett na Forbes walijua Kifaransa, na Wapoland wengi walikijua pia, hivyo siku za mwanzo Kifaransa ndicho kilichowaunganisha. Kent alijiandikia orodha ya maneno ya Kipoland kama yanavyosikika sikioni, akafundishia nayo. Mwishowe Wapoland wenyewe wakamwita Kentowski.

Kama walikuwa mabingwa, kwa nini walikaa karibu mwezi mzima bila kuruhusiwa kupigana?

Ilikuwepo dharau, hilo tusilifiche: Waingereza waliamini kuwa jeshi la anga la Poland lilisambaratika kwa siku chache na kwamba watu wake wamevunjika moyo. Lakini zilikuwepo pia sababu za kiufundi, na zilikuwa za kweli.

Kwanza, mkono wa mafuta. Katika ndege za Kipoland na za Kifaransa walizozizoea, ukitaka nguvu unauvuta nyuma. Katika Hurricane unausukuma mbele. Rubani anayetua akaona uwanja unakwisha, mkono wake hufanya ulichozoea kabla akili haijasema neno, na hapo kosa moja linatosha kuua.

Pili, magurudumu. PZL P.11, ndege waliyopigana nayo Poland, ilikuwa na magurudumu yasiyokunjwa na chumba cha rubani kisicho na kifuniko. Hurricane hukunja magurudumu ndani ya bawa. Mtu aliyetua mara elfu bila kuyafikiria huja kutua kwa tumbo, na ajali za namna hiyo zilitokea siku za mazoezi.

Tatu, vipimo. Kimo kilisomwa kwa futi badala ya mita, mwendo kwa maili badala ya kilomita, mafuta kwa galoni badala ya lita. Mbele ya macho yao kila mshale ulionyesha namba isiyoeleweka papo hapo.

La nne, na ndilo zito kuliko yote, ni redio. Ulinzi wa Uingereza ulitegemea rada na waongozaji wa ardhini. Mwongozaji humwambia kiongozi wa kikosi aelekee digrii ngapi na apande hadi kimo gani, tena kwa maneno ya siri: "angels 15" ni futi 15,000, "vector" ni mwelekeo, "pancake" ni amri ya kurudi kutua. Asiyeelewa hayo hawezi kufikishwa kwa adui, na anaweza kupigwa na mizinga ya upande wake. Kwa hiyo marubani watu wazima, wengine wenye nishani, walipandishwa kwenye baiskeli za magurudumu matatu katika uwanja wa mpira wa Uxbridge, kila moja ikiwa na redio, dira na kipima mwendo, wakaendeshwa huku na huku kwa amri za Kiingereza kana kwamba wako angani. Waliona kama wanadhalilishwa. Zoezi lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la busara: ukikosea mwelekeo kwenye nyasi hufi.

Nini kilitokea tarehe 30 Agosti?

Kikosi kilikuwa mazoezini, kikijifunza kusindikiza ndege sita za mabomu aina ya Blenheim, ndipo yakaonekana mapambano mbele yao. Rubani Ludwik Paszkiewicz alitoa taarifa kwa redio, hakujibiwa, akaacha safu na kutungua ndege moja ya Kijerumani. Kurudi alikaripiwa kwa kuvunja nidhamu, kisha akapongezwa. Siku iliyofuata kikosi kikaruhusiwa kupigana, na siku hiyohiyo kikadai Messerschmitt 109 sita, ndege za kivita za Kijerumani. Paszkiewicz mwenyewe aliuawa vitani tarehe 27 Septemba.

Hurricane yao ilikuwa na silaha na mafuta kiasi gani?

Ilikuwa Hurricane Mk I yenye injini ya Rolls-Royce Merlin III, nguvu farasi 1,030. Ilibeba bunduki nane za rashasha aina ya Browning, nne kila bawa, za milimita 7.7. Kila moja ilikuwa na risasi zipatazo 330, na ukibana kitufe bila kuachia, zote zinakwisha kwa takriban sekunde 15. Ndiyo maana rubani mzuri alipiga kwa vipande vya sekunde mbili au tatu.

Matundu ya bunduki kwenye bawa yalibandikwa vipande vyekundu vya kitambaa ili unyevu na uchafu visiingie na bunduki zisigande kwa baridi ya juu. Risasi ya kwanza huvipasua. Ndege inaporudi, fundi huanza kutazama hapo: vitambaa vikiwa vimechanika, na upepo ukipiga mluzi kwenye matundu, anajua ndege ilipiga, na anaita wenye mikanda ya risasi hata kabla propela haijasimama.

Mafuta yalikuwa galoni 97, karibu lita 440: matangi mawili ya mabawani yenye lita kama 157 kila moja, na la akiba la lita kama 127 lililowekwa mbele ya rubani, kati yake na injini. Petroli ilikuwa ya oktani 100, iliyoruhusu kuikamua injini zaidi kwa dakika chache za dharura.

Udhaifu wake mkubwa?

Ni miwili. Injini ilitumia kabureta ya kuelea, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa. Ukisukuma pua chini ghafla, mafuta huruka juu ya kabureta na injini hukata kwa muda. Messerschmitt 109 ilichomewa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo Mjerumani aliyebanwa alisukuma pua chini na kupotea. Dawa ilikuwa kuibiringisha Hurricane mgongo chini kwanza, kisha kuvuta, ili uzito uendelee kukandamiza mafuta upande sahihi. Inachukua sekunde moja au mbili, na katika sekunde hizo adui ameshakwenda.

Wa pili ni lile tangi la mbele. Mwanzoni halikuwa na kinga ya kujiziba kama ya matangi ya mabawani. Likitobolewa, moto huja moja kwa moja usoni na mikononi mwa rubani. Ndicho kilichomkuta Krasnodębski tarehe 6 Septemba. Aliruka kwa mwavuli akiwa ameungua vibaya, akakaa hospitalini kwa muda mrefu, na Witold Urbanowicz akashika nafasi yake. Miwani, glavu na mikono mirefu havikuwa mapambo: ngozi iliyoachwa wazi ndiyo iliyoungua kwanza.

Kwa nini walipiga risasi wakiwa karibu sana na adui?

Bunduki za bawani hazitazami mbele sambamba. Zinapangwa ili mikondo ya risasi ikutane mahali pamoja. Kipimo cha awali cha RAF kilikuwa yadi 400, kama mita 365. Kwa umbali huo risasi ndogo zimeshapoteza nguvu na zimetawanyika, na ndege ya mabomu yenye bamba za chuma inaweza kurudi Ufaransa na matundu mia. Marubani wenye uzoefu, wa mataifa yote, walidai yadi 250, na Wapoland wengi walikaribia zaidi ya hapo ndipo wakapiga.

Hili lilikuwa zao la ndege zao za zamani. P.11 ilikuwa ya polepole na nyingi zilikuwa na bunduki mbili tu. Mwenye silaha hiyo asipokaribia, anapoteza risasi. Walipopewa bunduki nane, hawakubadili tabia. Macho yao pia yalikuwa yamezoezwa: kwa kuwa Poland haikuwa na rada ya kuwaambia adui yuko wapi, walifundishwa kugeuza shingo na kutafuta muda wote. Ukisoma taarifa zao za mapambano, mara nyingi wao ndio waliomwona adui mwanzo.

Mwaka 1942 kulifanyika shindano la kulenga shabaha kati ya vikosi vya Kundi la 11, sehemu ya RAF iliyolinda London na kusini-mashariki. Nafasi tatu za kwanza zilichukuliwa na vikosi vya Kipoland, na cha 303 kilikuwa cha kwanza.

Waliruka vipi kwa siku ya kawaida?

Kwa kawaida ndege 12, sehemu nne za ndege tatu tatu. Amri ilitoka kwa Kundi la 11 la Keith Park huko Uxbridge, ikapitia chumba cha uongozaji cha Northolt. Hurricane ilihitaji dakika nane au tisa kufika futi 20,000. Kikosi kikiitwa kwa kuchelewa, kinakutwa chini ya adui bado kinapanda, nacho huwa hakina mwendo wala kimo, na hapo ndipo hasara nyingi zilipotokea. Ndege moja iliwekwa chombo kilichotoa mlio wa redio kwa sekunde 14 katika kila dakika ili vituo vya ardhini vijue kikosi kiko wapi.

Tarehe 7 Septemba, Wajerumani walipoelekeza mabomu London kwa mara ya kwanza kwa nguvu zote, mpangilio ulikubali: kikosi kilifika kikiwa na kimo, kikashambulia ndege za mabomu, kikadai 14. Tarehe 11 Septemba ilikuwa na hasara: rubani Stefan Wójtowicz aliuawa, na mwenzake Arsen Cebrzyński akapata majeraha yaliyomwua baadaye.

Mafundi walikuwa na mchango gani?

Mkubwa kuliko wanavyotajwa. Sehemu ya nyuma ya Hurricane ilikuwa fremu ya mabomba ya chuma, vipande vya mbao na kitambaa kilichopakwa dopu, dawa ya kukikaza. Tundu la risasi kwenye kitambaa lilizibwa kwa kiraka na dopu, likakauka, ndege ikarudi kazini. Hata kombora la mzinga liliweza kupita upande hadi upande bila kulipuka. Lakini bomba la fremu likikatwa au boriti ya bawa ikiguswa, kiraka hakisaidii, na anayeamua kuwa ndege hii inaruka kesho na ile inapelekwa karakana ni fundi. Mafundi wa 303 walifanya kazi usiku kucha ili asubuhi kikosi kiwe na ndege za kutosha. Wengi walikuwa wametoka na marubani wao Poland, na kazi hii waliianza huko.

Je, zile ndege 126 ni kweli?

Zilidaiwa kwa nia njema na zikakubaliwa kwa utaratibu wa wakati huo. Hasara halisi za Wajerumani zinaonyesha idadi ndogo zaidi, pengine nusu au pungufu. Jambo hili halikuwa la 303 peke yao. Kila jeshi la anga, Wajerumani wakiwemo, lilizidisha hesabu, na sababu zinaeleweka:

- Marubani wawili hupiga ndege moja kwa sekunde tofauti, kila mmoja akaiona inaanguka.
- Messerschmitt 109 ikipiga mbizi kwa nguvu zote hutoa moshi mweusi, na anayeitazama kwa juu hudhani inaungua.
- Mawingu humeza ndege kabla mwisho wake haujaonekana.

Hata Waingereza walishuku. Mkuu wa kituo cha Northolt, Stanley Vincent, aliona madai ni makubwa mno, akapanda Hurricane akawafuata vitani aone mwenyewe. Alirudi ameridhika kwamba walikuwa wanatungua kweli. Kwa maoni yetu, ukiligawanya dai la 303 kwa kiwango kilekile unachogawia vikosi vingine, bado kinabaki miongoni mwa vikosi bora. Anayekitetea kwa kung'ang'ania 126 anakidhoofisha bila sababu.

Josef František alikuwa Mpoland?

Hapana, alikuwa Mcheki aliyekimbilia Poland mwaka 1939 na kukataa kuwaacha wenzake wa Poland. Alitambuliwa kwa ndege 17, zote za Septemba 1940, mmoja wa waliofanikiwa zaidi katika Mapigano ya Uingereza. Tatizo lake lilikuwa safu: aliiacha na kwenda peke yake kuwavizia Wajerumani wanaorudi wakiwa na mafuta kidogo. Mbinu hiyo ilizaa matunda, lakini rubani anayetoka kwenye safu huacha mgongo wa mwenzake wazi. Viongozi walilimaliza kwa kumfanya kama mgeni wa kikosi, aruke nao kisha aende zake. Alikufa tarehe 8 Oktoba 1940 ndege yake ilipoanguka huko Ewell, Surrey, akirejea kutoka doria.

Baada ya 1940 je?

Januari 1941 walipewa Spitfire. Kazi ikageuka: badala ya kulinda London, wakawa wanavuka bahari kusindikiza ndege za mabomu juu ya Ufaransa. Walipigana juu ya Dieppe, pwani ya Ufaransa, tarehe 19 Agosti 1942, na wakati wa kutua Normandy Juni 1944 waliruka kutoka Horne, Surrey. Aprili 1945 wakapokea Mustang, vita ikiwa inakwisha. Kikosi kilivunjwa Desemba 1946.

Ni kweli hawakushiriki gwaride la ushindi la 1946?

Kweli. Julai 1945 Uingereza iliitambua serikali ya kikomunisti ya Warszawa na kuiacha ile ya uhamishoni ambayo kikosi kiliitumikia. Kwa gwaride la London la tarehe 8 Juni 1946, walioalikwa kati ya Wapoland waliopigana chini ya Waingereza ni wanaanga wachache tu, 25. Walikataa kwenda bila wenzao wa nchi kavu na majini. Kumbukumbu yao imesimama karibu na Northolt tangu 1948.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, wa njia tatu. Hurricane za aina ileile zilirushwa kutoka Kenya na marubani wa Afrika Kusini mwaka 1940 na 1941 dhidi ya Waitalia. Pili, familia za Kipoland zilizopelekwa Siberia na Wasovyeti ziliachiliwa, zikapitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu wakaletwa huku: Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja Uganda. Baadhi ya wanaume waliotoka Siberia kwa njia hiyohiyo walipelekwa Uingereza kujaza vikosi vya anga vya Kipoland. Makaburi ya Wapoland yapo Tengeru hadi leo.

Ya tatu ni ya kusikitisha. Jan Zumbach, aliyepigana na 303 mwaka 1940 na kukiongoza mwaka 1942, alionekana tena mwaka 1962 akiongoza ndege za Katanga, Kongo, kwa ajili ya Moïse Tshombe, na mwaka 1967 akirusha ndege ya mabomu kwa ajili ya Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria. Sifa za 1940 haziyafuti hayo, wala hayo hayafuti 1940.

Nikitaka kumfuatilia rubani mmoja nianzie wapi?

Anza na Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew. Daftari za shughuli za kila siku za vikosi ziko kwenye mfululizo wa AIR 27, na taarifa za mapambano za marubani kwenye AIR 50. Kisha nenda Taasisi ya Poland na Makumbusho ya Sikorski, London, penye nyaraka za Kipoland. Katafute majina kwa tahajia zaidi ya moja, kwa sababu makarani wa Kiingereza waliacha alama za ł, ń na ż, na mara nyingine walikosea jina zima.

Kwenye picha, ndege za 303 zina herufi RF ubavuni, na herufi ya tatu ni ya ndege yenyewe. Herufi hiyo ilirithiwa ndege ikipotea, kwa hiyo RF ya mwanzo wa Septemba si lazima iwe ndege ileile ya mwisho wa mwezi. Thibitisha kwa namba ya ndege iliyoandikwa ubavuni karibu na mkia.

Ukilinganisha na nyaraka za Kijerumani, kumbuka saa zao zilikuwa mbele kwa saa moja majira hayo ya joto. Usishangae pia kukuta Waingereza na Wapoland wakidai "Heinkel 113". Ndege hiyo haikuwahi kutumika vitani, ilikuwa propaganda ya picha za magazetini. Kila unapoiona kwenye taarifa ya 1940, soma Messerschmitt 109, kisha utafute 109 iliyopotea saa hiyo na mahali hapo.